Uzi: Wapigaji na mafundi wa dalsima katika milima ya Appalachia, na sababu ya ala yao kuendelea kuishi

#1 Seremala wa Pangani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaishi Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, mji ambao siku hizi una Waswahili wengi kutoka Kongo, hata mtu anaweza kumaliza siku nzima ya mapumziko bila kutamka neno la Kiingereza. Kazi yangu ni useremala, kama ilivyokuwa ya marehemu baba yangu kule Pangani. Nilimwahidi mwenzetu mmoja wa jukwaa hili kwamba nitaandika kuhusu ala iitwayo dalsima, na hasa kuhusu watu wanaoiunda na kuipiga, kwa kuwa mwaka huu ni wa sita tangu niketi miongoni mwao.

Kwanza niondoe utata, maana jina hili moja limebebeshwa ala mbili zisizofanana. Ya kwanza ni sanduku lenye upande mmoja mrefu na wa pili mfupi, lililotandazwa nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijinyundo viwili vyepesi. Hiyo ni ndugu wa santuri ya Uajemi na Iraki. Sisi neno santuri tumelizoea kwa sahani ya muziki, lakini huko ni ala ya nyuzi hadi leo. Ya pili, ambayo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, ni dalsima ya milimani. Hiki ni kisanduku chembamba kinacholazwa mapajani, chenye nyuzi tatu au nne, na hakina shingo iliyochomoza kama gitaa. Nyuzi hupita juu ya ubao mmoja uliosimamishwa katikati ya kisanduku kutoka kichwani hadi mkiani, na juu ya ubao huo hupandwa freti, yaani vile vijiti vya waya vinavyoonyesha mahali pa kubana uzi.

Freti hizo ndizo zilizonishangaza siku ya kwanza. Gitaa lina nusu-sauti zote, kwa hiyo mwanafunzi hupotea kwa urahisi. Dalsima imepangwa kwa do, re, mi peke yake, kama mtu aliyeng'oa funguo zote nyeusi za kinanda akabakiza nyeupe. Uzi mmoja hubeba wimbo, na nyuzi nyingine huvuma sauti ileile bila kubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Wapigaji wa kale walishika kijiti cha mti au cha mwanzi kwa mkono wa kushoto wakakitelezesha juu ya uzi wa wimbo, huku mkono wa kulia ukipapasa nyuzi zote kwa unyoya wa bata bukini au bata mzinga. Mtu anayeweza kuimba wimbo mfupi wa kanisani au wa kubembelezea mtoto ataupata kwenye dalsima kabla chai yake haijapoa. Sisemi hivyo kwa kuidharau, kwa sababu ninaamini kwamba wepesi huo ndio uliowafanya watu wawe wengi kuizunguka.

Asili yake ni ya Kijerumani kwa sehemu kubwa. Wahamiaji wa Kijerumani waliofika Pennsylvania walikuja na ala nyembamba yenye freti iitwayo Scheitholt, ambayo Michael Praetorius, Mjerumani aliyeandika kuhusu muziki, aliieleza mwaka 1619 na kuiweka katika fungu la ala za watu duni. Walipoteremka na bonde la Shenandoah hadi Virginia ya kusini-magharibi, walikutana na watu wa asili ya Uskoti, Ireland na Uingereza, wenye nyimbo ndefu za masimulizi na nyimbo za fidla. Mwanzoni mwa karne ya 19, mahali fulani katika milima hiyo, mafundi walipanua kisanduku na kuziinua freti juu ya ubao wake, na ala ikawa kitu kipya. Ndugu zake waliobaki Ulaya bado wanapigwa: langeleik ya Norwei, hummel ya Uswidi, épinette ya milima ya Vosges nchini Ufaransa.

Sasa nije kwa mafundi. Katika wilaya ya Knott, mashariki mwa Kentucky, aliishi James Edward Thomas, ambaye watu walimwita Mjomba Ed. Alianza kuunda dalsima mwaka 1871 na hakuiacha kazi hiyo hadi karibu na kifo chake mwaka 1933. Alizitengeneza kwa umbo lenye kiuno, kama nambari nane iliyovutwa ikarefuka, akazipakia kwenye mkokoteni na kuzunguka nazo vijijini akiziuza na kuzipiga. Ndani ya kila moja alibandika karatasi yenye nambari na tarehe. Mwaka 1902 ilifunguliwa shule ya Hindman katika wilaya hiyohiyo. Walimu wake waliotoka miji ya mashariki walizinunua dalsima za Thomas na kuwapelekea jamaa na marafiki, na kwa njia hiyo ala ya bonde moja ikaanza kuonekana katika sebule za mbali. Thomas alimfundisha Jethro Amburgey, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa useremala katika shule hiyo ya Hindman na akaunda dalsima zaidi ya 1,300 kabla ya kufariki mwaka 1971.

Dalsima ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya mkono wa Amburgey. Nilikuwa nimeitwa kurekebisha baraza ya mzee mmoja, safari ya saa mbili kutoka hapa, na mvua ikatuzuia. Mzee aliitoa ukutani, akanikalisha, akaniwekea mapajani. Nilipochungulia kwenye tundu la sauti nikaiona karatasi yenye nambari iliyoandikwa kwa mkono. Baba yangu alikuwa akiandika mwaka kwa penseli chini ya kila meza aliyoitengeneza, mahali ambapo mnunuzi hawezi kupaona. Baraza ile niliimaliza kwa siku mbili, lakini kwa mzee yule nimerudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ninalotaka kusema katika uzi huu ni kwamba dalsima haikuokolewa na wapigaji mashuhuri, ingawa imekuwa nao. Iliokolewa na desturi ya fundi na mpigaji kukaa benchi moja. Fundi hupiga, mpigaji hujaribu kuunda, na anayeshindwa kuunda huja kumshikia mwenzake jiliwa. Karibuni tujadiliane.

#2 Mwalimu wa Kwaya, Mwanza

Ndugu Seremala, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Nina maswali mawili. Kwanza, kuna rafiki aliyeniambia kwamba ala hii imetajwa katika Biblia ya Kiingereza, katika kitabu cha Danieli sura ya 3, pale watu wanapoamriwa kuisujudia sanamu wakisikia sauti za ala. Je, ndiyo hii? Pili, umesema freti ni za do, re, mi tu. Wimbo unaoanzia la badala ya do utapigwaje, na zipo tenzi nyingi za aina hiyo?

#3 Seremala wa Pangani

Mwalimu, la kwanza ni jambo ambalo hata watu wa hapa hulirudia. Ni kweli kwamba tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina neno hilo, lakini liliwekwa mahali pa neno la Kiaramu, sumponyah, ambalo wataalamu wamelibishania sana, na wengi wao hawaoni kwamba ni ala ya nyuzi. Ukifungua Biblia yetu ya Kiswahili utakuta panda, filimbi, kinubi, zeze, santuri na zomari, na mfasiri wetu mahali hapo aliweka zomari. Dalsima ya milimani haikuwepo duniani wakati wa Danieli, wala mwaka 1611. Mafundi wa kale walilipenda jina hilo kwa sababu lilitoka kwenye Biblia, nalo lina maana ya sauti tamu kwa Kilatini na Kigiriki kilichochanganywa. Hata hivyo, ala ya Mjomba Ed haina undugu wa damu na ala yoyote ya Babeli.

La pili lina uzito zaidi, na jibu lake limo katika kukaza nyuzi. Wazee walikaza uzi wa mvumo mzito kwenye do, na nyuzi mbili zilizobaki kwenye so ya juu yake. Ukiupiga uzi wa wimbo mtupu unapata so, na do yako unaikuta kwenye freti ya tatu, kwa hiyo una nafasi ya kushuka chini ya do na ya kupanda juu yake. Wimbo ukiegemea la, mpigaji haongezi freti. Anaukaza tu uzi wa wimbo upya ili nyumba ya wimbo ihamie kwenye freti nyingine, na nyuzi za mvumo zinabaki palepale. Kwa hiyo mpigaji wa kale alipobadilisha aina ya wimbo alisimama kidogo, akageuza kigingi, akaendelea. Katika mikusanyiko kusimama huko kulileta shida, kwa sababu watu thelathini wakikaza nyuzi kwa pamoja jioni inaisha.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo linagawanya jumuiya hii hadi leo, yaani freti ya sita na nusu. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 mafundi walianza kupanda freti moja ya ziada kati ya ya sita na ya saba. Ukikaza nyuzi kwa do, so, do, uzi mtupu wa wimbo ni do, lakini freti ya sita inakupa ti iliyoshushwa nusu sauti. Freti hiyo ya ziada ndiyo inayokurudishia ti ya kawaida. Leo ni vigumu kupata dalsima mpya isiyo nayo. Wapo walioendelea mbele zaidi, wakapanda ya kwanza na nusu, na wengine wakajaza nusu-sauti zote. Mimi nina msimamo katika hili. Ya sita na nusu ninaikubali, kwa sababu inawawezesha watu wengi kupiga pamoja bila kukaza upya. Lakini dalsima yenye nusu-sauti zote imepoteza kile kilichomfanya mtoto asipotee, na sioni kwa nini mtu anayetaka nusu-sauti zote asichukue gitaa.

#4 Mpiga Kanuni, Unguja

Seremala, ndugu yangu, nimesoma maneno yako nikiwa na ala yetu iitwayo kanuni mapajani. Sisi huku tuna ala iliyo jamaa ya ile ya kwanza uliyoitaja, sanduku la pembe zisizolingana lenye nyuzi sabini na zaidi zilizopangwa tatu tatu, ila hatuigongi kwa vijinyundo. Tunaidonoa kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete zenye kucha. Historia yake hapa inajulikana: Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa ambacho kipo hadi leo. Nimefurahi kuona kwamba miaka hiyohiyo Mjomba Ed alikuwa anaanza kazi yake huko milimani.

Lakini hoja yako kuhusu benchi moja imenigusa mahali panapouma. Wapigaji tunao, na chuo cha muziki kipo hapa Unguja tangu mwaka 2002. Fundi ndiye ninayemkosa. Kanuni yangu imetoka Misri. Ngozi iliyo chini ya daraja, yaani kile kijiti kinachobeba nyuzi, ilipopasuka mwaka juzi, niliipeleka kwa fundi mmoja wa samani, akaibandika ngozi mpya vizuri kwa macho, na sauti ikafa. Hakuwa na kosa, kwa sababu hakuwahi kuisikia kanuni kwa karibu. Ningependa utueleze kinagaubaga jinsi watu wa huko wanavyorithishana kazi ya kuunda.

#5 Seremala wa Pangani

Kaka, hilo la ngozi limenisikitisha, nami nitalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo kiini cha yote.

Njia ya kwanza ni ya ukoo na ujirani. Katika eneo la Galax, Virginia, familia ya Melton iliunda dalsima zenye umbo pana la mviringo uliochongoka upande mmoja, na nyuzi zote nne zikakazwa kwenye sauti moja, kwa ajili ya nyimbo za haraka za kuchezea dansi. Mashindano ya wapiga fidla yanayofanyika Galax tangu mwaka 1935 yana shindano la dalsima pia, na ukiwasikia wapigaji wa mtindo ule hutadhani kwamba ni ala ileile ya Kentucky, ambayo ni ya upole. Kule Beech Mountain, North Carolina, akina Hicks, Presnell na Proffitt walikuwa majirani na wakwe, wote waundaji wa dalsima au banjo. Stanley Hicks wa huko alipewa mwaka 1983 heshima ya taifa la Marekani kwa wasanii wa jadi, na alikuwa mkulima aliyeunda ala, akazipiga, akacheza dansi na kusimulia hadithi.

Njia ya pili ni ya shule. Homer Ledford alizaliwa Tennessee mwaka 1927, akaenda kijana katika shule ya sanaa za jadi ya John C. Campbell huko Brasstown, North Carolina, na huko akakutana na dalsima. Baadaye alifundisha ufundi mashuleni, akahamia Winchester, ambako ni karibu na hapa ninapoishi, akaunda zaidi ya 5,000 kabla ya kufariki mwaka 2006. Ukizunguka vijiji vya Kentucky ya kati utakutana na watu walionunua dalsima zao jikoni kwake, wakapewa na somo la kwanza palepale.

Njia ya tatu ni ya mpigaji aliyelazimika kumtafuta fundi, na hapa simwachi Jean Ritchie. Alizaliwa Viper, Kentucky, mwaka 1922, kitinda mimba wa watoto kumi na wanne. Baba yake alikuwa na dalsima aliyowakataza watoto kuigusa, na binti huyu aliichukua kwa siri akiwa na umri wa miaka minne au mitano na kuupata wimbo peke yake. Alipohitimu chuo kikuu mwaka 1946 alikwenda New York kufanya kazi ya ustawi wa jamii, akawaimbia watoto wa mtaani nyimbo za kwao, na watu wakaanza kumuuliza ile ala inapatikana wapi. Haikupatikana dukani. Mume wake, George Pickow, aliyekuwa mpiga picha, akaanza kuziunda pamoja na mjomba wake katika karakana iliyokuwa chini ya daraja la Williamsburg, Brooklyn. Mwaka 1963 Ritchie alichapisha kitabu cha kujifunzia, na watu ambao hawajawahi kuiona milima wakaanza kupiga. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, haikupambwa, na nadhani ndiyo maana iliaminiwa. Alifariki mwaka 2015.

Kutokana na hayo, katika mikusanyiko ya leo meza za mafundi hazitengwi na ukumbi wa masomo. Mwanafunzi aliyetoka darasani akilalamika kwamba uzi wake unagonga freti hutembea hatua kumi, fundi akamshushia au kumpandishia daraja pale pale, na fundi naye akajua kwamba mikono ya wazee inahitaji nyuzi zilizo chini zaidi. Wewe fundi wako wa samani alikosa hizo hatua kumi.

Nami nina ushahidi wangu mwenyewe. Dalsima yangu ya kwanza niliiunda kwa mbao za mti wa jozi kwa ubavu na mgongo, na mcheri kwa ubao wa juu, nikajisifu kwa randa na msasa. Nilipoketi na wenzangu kumi na wawili, kila nilipofika kwenye mi sauti yangu ilitoka nje ya wenzangu. Freti ya pili ilikuwa imekaa pembeni kwa upana wa milimita moja. Hakuna aliyenicheka. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu, ambaye ameunda dalsima tangu ujana wake, alinionyesha namna ya kuing'oa freti, kuujaza ufa kwa vumbi la mbao ileile na gundi, kisha kukata upya. Kama ningekuwa peke yangu karakanani, ningeiona dalsima ile kuwa nzuri hadi leo.

#6 Mdadisi wa Mambo

Nawapongeza, lakini naomba niwe na mashaka. Ninavyoelewa, hii ni burudani ya wastaafu wa Marekani wanaokusanyika wikendi. Kuna tofauti kati ya utamaduni ulio hai na kumbukumbu inayotunzwa na watu wenye muda na fedha. Je, vijana wapo? Na watu wa milima hiyo, ambao ni maskini kama unavyojua, wananufaika nini?

#7 Seremala wa Pangani

Ndugu Mdadisi, swali lako ni la haki. Ni kweli kwamba nywele nyeupe ni nyingi katika mikusanyiko. Nimekaa katika duara ambalo mimi, mwenye miaka arobaini na minne, nilikuwa kijana kuliko wote. Wapigaji waliozaliwa wakati wa mwamko wa muziki wa jadi wa miaka ya 1960 na 1970 wamezeeka pamoja na ala. Wakati huo hata wanamuziki wa redio waliipiga: Brian Jones wa Rolling Stones mwaka 1966, na Joni Mitchell katika albamu yake ya mwaka 1971. Mawimbi hayo yalipita. Katika tamasha la Winfield, Kansas, ambako hufanyika shindano la taifa la dalsima ya milimani, bado hupanda jukwaani vijana wenye vidole vya ajabu, lakini sitakudanganya kwamba ni wengi kama wapiga gitaa.

Kuhusu watu wa milimani, naomba nikupeleke Hindman. Mji huo, ulio kando ya kijito cha Troublesome Creek, ulikuwa umejaribu kuugeuza urithi wa Mjomba Ed kuwa kazi ya mikono kwa watu ambao migodi ya makaa ya mawe imewaacha. Palikuwa na shule ya kuunda ala, na kiwanda kidogo cha gitaa, mandolini na dalsima, ambacho kilipokea pia watu wanaojinasua kutoka katika uraibu wa dawa, wakafundishwa kuunda ala kama sehemu ya kupona kwao. Tarehe 28 Julai 2022 mafuriko yaliikumba mashariki mwa Kentucky usiku, watu wengi wakapoteza maisha, na maji ya kijito hicho yakaingia katika shule ya Hindman na katika karakana za waundaji. Mbao zilizokaushwa kwa miaka ziliogelea katika tope. Mimi na wenzangu wawili tulikwenda wiki ya pili kusaidia kusafisha. Nilikabidhiwa dalsima iliyofumuka gundi yote, vipande vyake vikiwa vimelala kwenye taulo kama mifupa, nikaambiwa nivikaushe polepole kivulini na nisikisukume chochote. Kijana aliyenipa maelekezo hayo hakufika miaka thelathini, na alikuwa mmoja wa wale waliopona. Hilo ndilo jibu langu kuhusu nani ananufaika.

#8 Mrundi wa Bujumbura

Mimi ni msomaji wa siku nyingi asiyeandika, lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Mliposema kuhusu kisanduku na nyuzi chache nikaikumbuka inanga yetu, inayopigwa Burundi na Rwanda. Ni gogo lililochongwa likawa kama sinia refu, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi juu yake hadi upatikane mstari wa nyuzi nane hivi. Mpigaji huinama akaimba kwa kunong'ona, na sauti ya nyuzi ndiyo inayoubeba mnong'ono huo hadi masikioni mwa wasikilizaji. Babu yangu aliyepiga alichonga mwenyewe. Hakukuwa na neno moja la fundi na lingine la mpigaji. Kwa hiyo desturi anayoisifu kaka Seremala si ngeni kwetu, tumeiacha tu.

#9 Seremala wa Pangani

Ahsante sana, mzee wangu, kama umri wako ni huo ninaoudhani. Nami niongeze zeze, kwa sababu nilipoiona dalsima nililikumbuka zeze kwanza. Simaanishi lile la Wagogo linalopigwa kwa upinde, aliloimbia Hukwe Zawose. Ninasema lile la ubao bapa na kibuyu, lililosambaa kutoka pwani hadi Kongo na likavuka bahari hadi Madagascar, ambako huitwa jejy voatavo. Lina vizuizi vichache vilivyochongwa kwenye ubao, uzi wa wimbo unaobanwa juu yake, na uzi wa kando unaovuma peke yake. Uzi mmoja unasema na mwingine unavuma: ni wazo lilelile, ingawa watu hao hawakuwahi kukutana.

#10 Atieno, Nairobi

Nafundisha shule ya msingi. Kaka, mtu asiye na fedha za kuagiza ala kutoka Marekani aanzie wapi? Na tafadhali taja vipimo, kwa sababu nina mume fundi seremala anayesoma huu uzi begani kwangu.

#11 Seremala wa Pangani

Dada Atieno, msiagize. Huku zipo dalsima za wanafunzi ambazo sanduku lake ni kadibodi nene iliyokunjwa, na ubao wa freti pekee ndio wa mti. Zinalia vizuri kuliko mtu anavyotarajia, na mashule huziunda kwa siku moja. Kitu kimoja tu hakisamehe uzembe, nacho ni mahali pa freti.

Shemeji achukue umbali wa milimita 680 kutoka ukingo wa kichwani, unapoanzia uzi, hadi daraja. Freti ya saba, ambayo ni pacha wa juu wa uzi mtupu, huketi katikati kabisa, milimita 340. Freti ya nne huketi karibu na theluthi ya kwanza, milimita 226 kutoka kichwani, na ya tatu karibu na robo, milimita 170. Akishapata hizo tatu anao uti wa mgongo. Ya kwanza, ya pili, ya tano na ya sita atazitafuta kwa sikio, kama wazee wengi walivyofanya, akitelezesha kipande cha waya chini ya uzi hadi skeli isimame sawa na sauti ya mwalimu anayeimba kando yake. Asikate ufa wowote kabla wewe hujaimba. Ubao wa freti uwe wa mti mgumu na mkavu. Ubao wa juu uwe mwepesi, wa unene wa milimita tatu hivi.

#12 Atieno, Nairobi

Anauliza kama msonobari utafaa kwa ubao wa juu, na mvule kwa ubao wa freti, kwa sababu vipande vya vyote viwili anavyo. Mimi nauliza kama waya wa baiskeli unaweza kuwa freti.

#13 Seremala wa Pangani

Msonobari utafaa, achague kipande kisicho na macho, chenye nyuzi za mti zilizonyooka na zilizosongamana. Mvule ni sawa, mradi umekaa ndani ya nyumba miezi kadhaa. Waya wa baiskeli jaribuni ule wa spoku, mkate vipande na kuvilaza katika ufa usio na kina. Mviringo wake utauinua uzi vya kutosha. Kabla ya gundi, nitumieni picha ya freti ya pili.